Moyo wa ng'ombe, wa mbuzi au wa nguruwe: upi wa kupasua darasani?

Somo la mzunguko wa damu likikaribia, simu yangu hulia sana. Walimu wenzangu wa bayolojia, wa Luweero, wa Wobulenzi, hata mmoja aliyehamia Koboko, wote huuliza jambo moja: mwalimu, ninunue moyo gani? Nimewajibu mmoja mmoja kwa miaka. Sasa naweka yote pamoja, ili anayekwenda bucha kesho alfajiri ajue anachokitafuta.

Niseme mapema ninakoegemea. Kwa madarasa mengi ya hapa Uganda, nunua wa mbuzi, tena usinunue moyo peke yake: nunua moyo ungali umeshikana na mapafu yake. Lakini kuna darasa ambalo litafaidika zaidi na ng'ombe, na kuna somo moja ambalo nguruwe hana mpinzani. Nitaeleza.

Kwanza kinachofanana, maana ndicho kinachofanya zoezi zima liwe na maana. Wanyama hawa watatu ni mamalia kama sisi. Kila mmoja ana moyo wa vyumba vinne: atiria mbili juu, ventrikali mbili chini. Upande wa kulia hupokea damu iliyozunguka mwilini na kuipeleka kwenye mapafu. Upande wa kushoto hupokea damu iliyotoka kwenye mapafu na kuisukuma mwili mzima. Damu hupita moyoni mara mbili ili kukamilisha mzunguko mmoja. Samaki hana hilo. Ngege wetu wa ziwani ana atiria moja na ventrikali moja, na damu yake hupita moyoni mara moja tu. Wengine huniuliza kuhusu kuku kwa sababu ni rahisi kumpata. Kuku ana vyumba vinne kweli, lakini yeye ni ndege: vali yake ya kulia (kilango kinachozuia damu isirudi nyuma) ni pande la msuli, na aota yake (mshipa mkuu unaopeleka damu mwilini) hujikunja kuelekea kulia wakati yetu hujikunja kushoto. Ukimtumia kufundishia mamalia utawachanganya watoto.

Ng'ombe

Moyo wa ng'ombe wa kawaida aliyekomaa una uzito wa kilo moja na nusu hivi, na wa ng'ombe mkubwa hupita kilo mbili. Uweke mezani, na mwanafunzi wa benchi la nyuma atauona. Zile kano nyeupe zinazoshikilia vali zinaonekana waziwazi, zimevutwa kama kamba za hema, na kidole gumba kinaingia chote kwenye aota. Ukiwa na wanafunzi 90 na pesa ya moyo mmoja, hapa hapana mjadala.

Ng'ombe pia ndiye anayeonyesha vizuri zaidi tofauti ya kuta. Kata ventrikali zote mbili kwa upana, kama unavyokata muhogo, kisha geuza kipande watoto wakitazame. Ukuta wa kushoto ni mnene karibu mara tatu ya ule wa kulia. Waulize sababu kabla hujawaambia. Upande wa kulia unasukuma damu hadi mapafuni tu, hapo jirani, kwa shinikizo dogo. Wa kushoto unaisukuma hadi kwenye kwato na hadi ubongoni. Nikifika hapo huwa nawataja twiga wa Murchison Falls: shinikizo la damu yao ni karibu mara mbili ya letu, kwa sababu damu lazima ipande shingo yote ile, na ukuta wao wa kushoto ni mnene kwa kiasi hicho.

Tena kuna kitu ambacho mtoto akikigusa hakisahau. Ukiwa unakata karibu na shina la aota ya ng'ombe mzima, kisu hugonga kitu kigumu. Ni mfupa. Ng'ombe ana mfupa ndani ya moyo, kwenye pete ngumu inayozunguka mlango wa aota, na kazi yake ni kuimarisha sehemu ile zinaposhikizwa vali. Sisi hatuna. Mwache mwanafunzi autafute mwenyewe kwa kidole.

Ubaya wa ng'ombe ni kwamba mwalimu ndiye anayepasua na wanafunzi wanatazama. Ukuta wa kushoto hauingiliki kwa wembe. Unataka kisu cha bucha, na kisu cha bucha humpi mtoto wa kidato cha pili. Halafu mkaguzi wa nyama huupasua moyo wa ng'ombe kabla yako, kwa kuwa ni mahali pamojawapo anapotafuta vilengelenge vya tegu, yule mnyoo wa tumboni. Ni kazi yake na anaifanya kwa ajili yetu sote, lakini wewe unaweza kuletewa moyo uliokwisha kufunguliwa. Ongea naye mapema. Mkato mmoja ulionyooka si hasara, mradi vali zimebaki nzima.

Mara ya kwanza nilipofundisha somo hili nilinunua moyo wa ng'ombe bila kutoa maelezo yoyote. Muuzaji, kwa nia njema kabisa, akausafisha: akakata mirija yote ya juu pamoja na nusu ya atiria, akanifungia pande zuri la nyama jekundu. Nikafika darasani nikiwa na wanafunzi 70 na moyo usio na aota, usio na vena kuu, usio na hata mlango mmoja wa kuingilia damu. Somo likafa. Siku iliyofuata nikarudi kwake.

"Haji, ile mirija ya juu ungeniachia."

"Mwalimu, mirija haina nyama. Nikiiacha, mteja anasema nimemwibia kwenye mizani."

"Mimi mirija ndiyo ninayoitaka, Haji. Nyama niwekee kama ziada."

Alinitazama kwa muda, kisha akaniuliza ninaifanyia nini. Nikamweleza palepale, kwa moyo wa mbuzi uliokuwa umening'inia nyuma yake. Tangu siku ile yeye ndiye huniandalia, na huwaonya vijana wake wasiiguse ile mirija.

Mbuzi

Moyo wa mbuzi una gramu 100 hadi 200. Unakaa kwenye kiganja cha mtoto. Kwa pesa ya moyo mmoja mkubwa wa ng'ombe utapata kadhaa ya mbuzi, na kila kundi la wanafunzi wanne au watano litakuwa na wake, na wembe wake, na makosa yake. Hiyo peke yake ingenitosha.

Lakini sababu yangu kubwa ni mapafu. Mbuzi akichinjwa, moyo na mapafu na koo la hewa hutoka kwa pamoja, na kwa kuwa ni vidogo muuzaji hana shida kukuuzia fungu zima. Ukiwa nalo, mzunguko ule wa kwanza, wa moyo hadi mapafu na kurudi, upo mbele ya mtoto bila kuchora chochote. Chukua mrija wa soda. Toboa ventrikali ya kulia, ingiza mrija, sukuma taratibu kuelekea juu. Utaona unaingia kwenye mshipa mpana unaogawanyika mara mbili na kuzama ndani ya mapafu. Huo ni ateri, na damu iliyokuwemo ni ile nyeusinyeusi iliyoishiwa oksijeni. Wanafunzi wengi hukariri kwamba ateri hubeba damu yenye oksijeni, wakaishia kuanguka kwenye swali hili la mtihani. Ateri ni mshipa unaotoka moyoni, basi. Aliyeusukuma mrija kwa mkono wake hahitaji kukariri.

Kisha pampu ya baiskeli. Funga koo la hewa kwa uzi kuzunguka ncha ya pampu, pampu polepole. Mapafu yaliyokuwa yamelala yenye rangi ya ini huinuka na kuwa ya waridi hafifu, karibu meupe. Ukiona sehemu imebaki bapa, imetobolewa kwa kisu au damu iliingia wakati wa kuchinja. Jambo la kawaida, koo la hewa hukatwa pamoja na mishipa ya shingo. Usipulize kwa mdomo, wala usimruhusu mtoto apulize. Hapo sina mzaha.

Sasa tafuta kwa ncha ya kidole kati ya aota na ule mshipa wa mapafu. Utagusa kamba fupi, ngumu, nyeupe, inayounganisha mishipa hiyo miwili. Mbuzi huyu alipokuwa tumboni hakuwa akipumua, mapafu yake hayakuwa na kazi, na kamba hii ilikuwa mrija ulio wazi: damu iliyokuwa iende mapafuni ilipita hapa ikaingia moja kwa moja kwenye aota. Baada ya kuzaliwa na kuvuta pumzi, mrija ukajifunga. Nasi tulikuwa nao. Mwaka jana msichana mmoja alishika kamba hiyo kwa muda mrefu sana, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, kama mrija usipojifunga mtoto anakuwaje. Nikamjibu ukweli: damu huendelea kuvuja kutoka aota kwenda mapafuni, moyo huchoka, na madaktari wanaweza kuuziba.

Mwisho, maji. Acha aota ndefu, sentimita tano hivi juu ya moyo. Shika moyo wima, mimina maji safi ndani ya aota kwa kikombe. Maji hayateremki! Vifuko vitatu vya vali, vyenye umbo la nusu mwezi, vimejaa na kubanana. Waite watoto wachungulie kutoka juu: wataona mistari mitatu inayokutana katikati. Maji yakipungua kidogokidogo usiogope, kwa sababu milango ya mishipa inayoulisha moyo wenyewe iko hapohapo juu ya vali, na maji hupenya humo. Ukishamaliza, pasua aota uoneshe vitundu vyake.

Nasisitiza vali kwa sababu ya nchi tunamoishi. Homa ya baridi yabisi, inayotokana na maambukizi ya koo yasiyotibiwa, huharibu vali za moyo wa mtoto, hasa ile ya vipande viwili ya upande wa kushoto. Vali hukakamaa, haifungi vizuri, na damu inarudi ilikotoka. Watoto wa Uganda wengi wameugua hivyo, na Taasisi ya Moyo ya Uganda iliyopo Mulago inawapasua baadhi yao. Mwaka 2021 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanyika Gulu kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 ambao ugonjwa ulikuwa umeanza kimyakimya. Kati ya waliochomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne kwa miaka miwili, ambao ugonjwa ulisonga mbele hawakufika 1 katika kila 100. Kwa wasiochomwa walikuwa kama 8. Mwanafunzi aliyeona vali nzima ikizuia kikombe cha maji ataelewa kwa nini koo linalouma siku nyingi ni la kupelekwa kituo cha afya.

Mbuzi naye ana udhaifu wake. Mafuta yake yakipoa huwa magumu kama mshumaa na hufunika mishipa ya juu ya moyo. Loweka kwenye maji ya vuguvugu dakika kumi kabla ya somo. Ukuta wa atiria ya kulia ni mwembamba, huchanika. Na kama shule yenu ina hadubini na mnataka kuona chembe za damu, mbuzi mwacheni: chembe zake nyekundu ni ndogo mno, mikromita 3 au 4 tu kwa upana (mikromita elfu moja ni milimita moja), wakati zetu ni 7 hadi 8. Za ng'ombe ni 5 hadi 6 na za nguruwe ni kama 6. Hapa ndipo kuku anapofaa, kwa kulinganisha: chembe nyekundu za mamalia waliokomaa hazina kiini, za kuku zina.

Kwa wanaopenda kuona kwa mpangilio:

| | Ng'ombe | Mbuzi | Nguruwe |
|---|---|---|---|
| Uzito wa moyo | kilo 1.5 hadi zaidi ya 2 | gramu 100–200 | gramu 250–400 |
| Mapigo kwa dakika akiwa ametulia | 50–80 | 70–90 | 70–100 |
| Nani anapasua | mwalimu | kila kundi | kila kundi |
| Mapafu yakiwa pamoja | mazito, shida kubeba | rahisi kupata | yanawezekana ukiagiza |

Moyo wa mtu mzima una gramu 250 hadi 350, na hupiga mara 60 hadi 100. Tazama tena safu ya nguruwe.

Nguruwe

Kwa ukubwa na umbo, hakuna kati ya hawa watatu anayemkaribia binadamu kama nguruwe. Ndiyo maana tangu miaka ya 1960 vali za nguruwe zimekuwa zikiwekwa kwenye mioyo ya watu ambao zao zimeharibika. Na Januari 2022, huko Baltimore, Marekani, madaktari walimwekea mgonjwa moyo mzima wa nguruwe aliyebadilishwa vinasaba; aliishi nao karibu miezi miwili. Ukiwa na wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita wanaotaka kusomea udaktari au uuguzi, huu ndio moyo wa kuwawekea mkononi. Mafuta ni machache, mishipa inayolisha moyo inaonekana bila kuhangaika, vali zinashikika.

Tatizo la kwanza ni usafi wa chanzo. Nguruwe wengi huchinjwa uani, mbali na macho ya mkaguzi. Usinunue huko. Ukiupasua moyo ukakuta vilengelenge vyeupe mfano wa punje za mchele ndani ya nyama, hivyo ni vya tegu, ufukie, usiendelee.

La pili ni watu walio mbele yako. Mimi nafundisha Bombo. Nusu ya majina katika rejista yangu ni ya Kiislamu, ya Wanubi na ya wengine, na hawa ni watoto niliokabidhiwa na wazazi wao. Siwaletei nguruwe, wala sitawaambia wakae nje huku wenzao wakisoma. Tena kisu na sinia zilizotumika kwa nguruwe, mtoto huyo atazitumia vipi wiki ijayo? Kama shule yako ni ya watu ambao wote hawana neno, sawa, lakini uliza kwanza, usikisie.

Na usidhani mbuzi na ng'ombe havina masharti. Huku Buganda kila ukoo una muziro, yaani mnyama au kitu unachojitambulisha nacho. Kuna watu wa ukoo wa Nte ambao muziro wao ni ng'ombe asiye na mkia, na kuna ukoo wa Omutima, ambao muziro wao ni moyo wenyewe. Muziro hauliwi, kuhusu kugusa, familia hutofautiana. Nilikuwa na mwanafunzi wa Omutima aliyesimama mlangoni siku ya somo, hataki kuingia wala kuondoka. Nilimpigia mama yake. Mama akasema, kutazama hakuna tabu, mwalimu, asishike tu. Basi tukampa daftari na penseli, akachora moyo ule kwa hatua zote, na mchoro wake ndio ulio ukutani mwa maabara yetu hadi leo.

Usalama, kwa haraka

Nunua kiungo cha mnyama aliyekaguliwa, mwenye muhuri. Usiguse kamwe cha mnyama aliyekufa mwenyewe: kimeta, ugonjwa unaotoka kwa mifugo kwenda kwa watu, kipo nchini, na watu wa Kyotera walikiona mwaka 2023. Glavu kwa kila mtoto, sabuni, kisha meza zifutwe kwa jiki. Nunua asubuhi ya siku ya somo kama hakuna friji. Mabaki yafukiwe shimo refu. Usiwatupie mbwa mapafu mabichi, kwa sababu ndivyo tegu la mbwa linavyoendelea kuzunguka kati ya mifugo na sisi.

Kuna jambo moja ambalo moyo wowote uliolala mezani hautalionyesha, nalo ni kiasi. Kwa hilo, weka jerikani tupu la lita 20 kando ya meza. Moyo wa mtu mzima husukuma mililita 70 hivi kwa pigo moja. Kwa mapigo 70, ni karibu lita 5 kwa dakika. Kila dakika nne jerikani limejaa. Kwa siku nzima, zaidi ya majerikani 350. Waulize: mwili wote una lita 5 tu za damu, hizo nyingine zinatoka wapi? Hesabu ya namna hii ndiyo daktari Mwingereza William Harvey alimalizia nayo ubishi mwaka 1628, pale wasomi wa Ulaya walipokuwa wakiamini kwamba ini hutengeneza damu mpya kutokana na chakula na mwili ukaimaliza. Hakuna anayekula kiasi hicho. Lazima ni damu ileile inarudi.

Kwa hiyo, darasa la zaidi ya 60 na fedha ya moyo mmoja: ng'ombe. Kidato cha juu, wote wameridhia, na bucha lina mkaguzi: nguruwe. Wengine wote: mbuzi watano au sita, moyo na mapafu pamoja. Agiza siku moja kabla, ukiwa umesimama pale bucha, si kwa simu, na useme hivi: "Naomba moyo na mapafu ya mbuzi, visitenganishwe. Koo la hewa uniachie refu. Ile mirija minene ya juu usiikate. Na mkaguzi akitaka kupasua, mwambie ni wa mwalimu, apitishe kisu upande mmoja tu." Kisha mwoneshe kwa kidole ni mirija ipi.